Ruhusa za programu: unachokubali unapobonyeza "Ruhusu"

Ruhusa, kwa lugha ya simu, ni kibali ambacho programu hupewa ili ifikie kitu chako: kamera, maikrofoni, picha, namba ulizohifadhi au mahali ulipo. Programu haijichukulii. Huomba kwa mfumo wa simu, Android au iOS (ule wa iPhone), na mfumo ndio unaokuuliza wewe.

Kwenye Android kuulizwa huku hakukuwepo tangu mwanzo. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015, orodha nzima ya ruhusa ililetwa siku ya kupakua: ukubali zote, au programu uiache. Sasa unaulizwa moja moja, na tangu iOS 13 na Android 11 baadhi ya ruhusa, kama ya mahali ulipo, unaweza kuzitoa kwa mara hiyo moja tu. Shida ni kwamba swali huja ukiwa na haraka, na kidole kinajua njia ya mkato.

Mahali ulipo, afadhali. Kuanzia iOS 14 na Android 12 unaweza kutoa eneo la kukadiria, ambalo kwenye Android ni kama kilomita 3 za mraba. Programu ya hali ya hewa inatosheka nalo kabisa, kwani mvua hainyeshei nyumba moja. Ya kuita teksi haitosheki. Dereva atazunguka mpaka achoke.

Ruhusa ninayoiogopa mimi ni ya namba za simu, maana mali yenyewe si yako peke yako. Ukiuruhusu mchezo wa karata usome namba zako, umewatoa daktari wako, shangazi yako, na yule uliyemhifadhi kwa jina "Fundi Bomba Usimlipe Kwanza". Hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Kesho ukijuta unaweza kuiondoa ruhusa hiyo kwenye mipangilio, na programu haitasoma tena. Lakini nakala iliyokwisha kutumwa kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye programu, hairudi kwa sababu umebadili nia.

Halafu kuna yale usiyoulizwa kabisa. Kwenye Android, kutumia intaneti nako ni ruhusa, ila programu huipata inaposakinishwa, bila kidirisha chochote. Kwa hiyo hata kikokotoo kinaweza kuongea na seva ya mbali, na wewe unachoweza kwa kawaida ni kukizuia kisitumie data chinichini, yaani wakati hujakifungua.

iPhone nayo ina lake. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, ukibonyeza alama ya Wi-Fi kwenye vitufe vya mkato hujaizima Wi-Fi. Simu inaachana tu na mtandao iliokuwa imeunganishwa nao, huku AirDrop (njia ya kurushiana faili kati ya vifaa vya Apple) na saa ya mkononi zikiendelea na kazi zao, na ikifika saa 11 alfajiri inaanza tena kujiunganisha yenyewe. Anayetaka kuizima kweli huingia kwenye Mipangilio.