Kufungasha keki kwa mkono: tunayodanganyana waokaji

Jamani mi naoka nyumbani hapa Dodoma, hafu keki, biskuti za karanga na keki za oda, boksi nakata mwenyewe, stika natengeneza mwenyewe, muhuri nimechongesha mjini. Kila nikikaa na waokaji wenzangu nasikia maneno yale yale kuhusu vifungashio, na mengine hata mi niliyaamini mpaka yakanila hela.

Tuanze na hili la "bahasha ya kaki inatosha, inapendeza". Kupendeza inapendeza kweli, ila kaki ni karatasi na karatasi inakunywa mafuta, na biskuti ya karanga ina mafuta ya siagi halafu ya karanga zenyewe juu yake. Mara ya kwanza nilipiga muhuri bahasha arobaini, nikapanga biskuti jioni nikalala kwa amani, asubuhi kila bahasha ina doa limepanda kutoka chini mpaka kwenye logo, jina halisomeki, mteja wa Area C akaipokea akaigeuza geuza akaniuliza, "Dada, hii ulifutia mikono?" Nilikosa pa kuangalia. Ukweli ni kwamba kaki ni nguo ya nje tu, ndani weka karatasi ya kuokea ile ile unayotandika kwenye trei, au kimfuko cha plastiki cha chakula. Na kwa huku kwetu ndo usiseme, kiangazi hewa kavu, upepo na vumbi la mwezi wa nane mnalijua, hafu keki ikilala kwenye kaki peke yake asubuhi unaivunja kama tofali. Mvua zikianza Desemba inakuwa kinyume chake, biskuti inavuta unyevu inalegea.

Nikisema plastiki kuna mtu lazima ashtuke, "si imepigwa marufuku?" Kilichopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea, zile rambo. Kifungashio cha bidhaa ni kitu kingine, mkate si mnanunua kwenye plastiki mpaka leo? Ila kiwe cha kufungia chakula, na usije ukamgeuzia mteja kimfuko hicho kiwe cha kubebea vitu vyake, hapo umerudi kule kule kwenye rambo.

Gazeti sasa. "Maandazi tumekulia kwenye gazeti na hatujafa." Sawa, lakini geuza andazi lenye mafuta ya moto uangalie chini, utasoma habari za michezo. Wino ule haukutengenezwa uliwe. Na muhuri wako ni hivyo hivyo, piga upande wa nje, acha ukauke kabisa ndo uweke chakula. Pini za stepla hapana, wala sitaki kuzijadili, mtoto akiimeza utasema nini.

Lingine, "vitu vya mkono vinaonekana vya kimaskini, subiri mtaji uprintishe". Mi naona kinachoonekana cha kimaskini ni kubadilika badilika, leo stika ya pinki kesho bluu, jina mara Keki Tamu mara Tamu Cakes. Chagua rangi mbili, mwandiko mmoja, namba moja ya simu, ukae nazo mwaka mzima. Mimi nafungia vipande vya kitenge anavyonipa fundi cherehani jirani, bure kabisa, anafurahi nampunguzia uchafu. Ila kitenge kina mambo yake: ukikata na mkasi wa kawaida nyuzi zinachomoka zinadondokea kwenye krimu, kata zigizaga au pindisha, na kifue kwanza maana vingine vinachuja rangi, boksi likitoka kwenye friji likaanza kutoa jasho utakuta keki nyeupe imepata mstari wa zambarau.

Jasho hilo hilo linaua stika. Printa ya wino wa maji ikiguswa na tone moja tu, jina linatiririka. Steshenari waulize kama printa yao ni ya leza, na kwenye A4 moja unapata stika 24 za duara za sentimita nne na nusu, kwa hiyo wala sio gharama ya kutisha.

"Bila bakodi huwezi kuuza." Bakodi ni ya kusomwa na mashine ya supamaketi, kama unauzia ofisi za Mtumba na wanafunzi wa UDOM kwa bodaboda haikuhusu kwa sasa. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ndo tusichanganye, hiyo huwezi kuidownload ukaibandika ili upendeze, inatolewa kwa leseni baada ya bidhaa kukaguliwa na kupimwa. Sie wadogo tunaanzia SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanakupa barua ya utambulisho unaenda nayo TBS.

Na kuna hili la kusema "boksi nimetengeneza mwenyewe kwa hiyo ni bure". Tuseme manila na gundi 800, kibao cha chini 700, stika 100, hiyo ni 1,600, keki ishirini kwa wiki ni 32,000 imetoka mfukoni mwako na hujahesabu usiku uliokaa unakata. Iingize kwenye bei.

Lebo watu wanadhani ni jina na maua. Jina na maua weka, lakini mteja anahitaji viungo, ukianza na kilicho kingi, uzito, nani kaoka na yuko wapi, tarehe ya kuoka na ya mwisho kutumia. Karanga, maziwa, ngano, mayai yaandike wazi kabisa, kuna watu karanga inawapeleka hospitali. Tarehe mi naandika kwa kalamu ile ya kuandikia CD, na naandika kabla sijabandika, maana ukiandika juu ya mfuko wenye mafuta haishiki, inafutika na kidole.