Mkataba au makubaliano ya ushirikiano? Uliza kwanza nani anafaidika

Watu wa mashirika hapa Dar wananiuliza sana hili, hasa wale wanaopata hela ya serikali ya Marekani kwa mara ya kwanza: hii karatasi tuliyosaini ni mkataba au makubaliano ya ushirikiano, na ina tofauti gani kama hela ni ileile? Tofauti ipo na ni kubwa, ila usiitafute kwenye kichwa cha karatasi.

Wenzetu wana sheria ya 1977 inayogawa haya mambo. Serikali ikijinunulia kitu au huduma kwa matumizi yake, inatakiwa itumie mkataba. Ikikusaidia wewe ufanye kazi yenye manufaa kwa umma, hapo ni ruzuku au makubaliano ya ushirikiano. Hizi mbili zinaachana pale ambapo ofisi inayotoa hela inategemewa ishiriki kwa kiasi kikubwa kwenye kazi, mfano kuidhinisha mpango kazi wa kila mwaka au mtu mnayemweka kuongoza mradi: ikishiriki hivyo ni makubaliano ya ushirikiano, isiposhiriki ni ruzuku.

Hapo ndo wengi wanateleza, wanaona mfadhili anaingilia kila kitu wanasema basi huu ni mkataba. Hapana! Swali la kwanza ni nani anafaidika, kuingilia kunakuja baadaye.

Kesi ninayoitumia kila nikifundisha ni ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ambayo inawalipia watu wa kipato cha chini sehemu ya kodi kwa wenye nyumba binafsi. Kazi ya kuwasimamia hao wenye nyumba, kuwalipa na kukagua, walipewa wakala wa nyumba wa majimbo, na mwaka 2012 HUD ikaitangaza kama makubaliano ya ushirikiano. Waombaji wakapinga, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani inayosikiliza pia malalamiko ya tenda, ikasema huo ni mkataba, HUD ikaendelea tu, mahakama ya kwanza ikawapa haki HUD, afu Machi 2014 mahakama ya rufaa ikapindua. Majaji waliona hao wakala ni wapitishaji tu, HUD haikuwa inawasaidia wao, ilikuwa inanunua huduma ya kuendesha programu yake yenyewe. Mpangaji kunufaika mwishoni hakukubadilisha chochote.

Sasa kwako wewe mpokeaji, pa kuumia ni kwenye bajeti. Kwenye mkataba unaweza kuweka faida yako, kwenye makubaliano ya ushirikiano huruhusiwi kubaki na faida mpaka masharti yaseme wazi. Shirika moja nililofanya nalo kazi tuliweka faida kwenye bajeti tukijua ni tenda ya kawaida, ikafyekwa yote, na gharama za uendeshaji tulikuwa hatujaziomba kabisa, kwa hiyo kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu vikakosa pa kutokea. Iliniuma sana kwa sababu haki ya kuziomba tulikuwa nayo: asiye na kiwango cha gharama hizo alichokubaliana na serikali ya Marekani anaweza kutumia kiwango cha jumla, zamani asilimia 10, tangu Oktoba 2024 mpaka asilimia 15.

Kabla ya kusaini fungua kurasa za masharti. Ukikuta FAR (kanuni za manunuzi za serikali ya Marekani) imejaa, huo ni mkataba, ukikuta 2 CFR 200 (kanuni zao za ruzuku na makubaliano ya ushirikiano) ni msaada. Zikigongana na jina la juu, mwandikie ofisa aliyetoa hela akujibu kwa maandishi, na kalamu iache mezani mpaka ajibu.