Loji Namba 0: yanayosemwa kuhusu Freemason na yaliyoandikwa Kilwinning

Kwenye nguzo ya umeme jirani na kituo ninapopandia daladala, tangazo moja halikosekani: "Jiunge na Freemason upate utajiri ndani ya siku saba", na chini yake namba ya simu. Mvua ikililowesha, kesho yake limebandikwa jingine. Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza samaki, aliipiga namba ile. Akaambiwa atume hela ya fomu, halafu ya pete, halafu ya "kufungua akaunti". Mtaji ulipokwisha, simu haikupokelewa tena.

Kwa ajili ya watu kama yeye naona bora tuzungumzie Kilwinning, mji mdogo wa Ayrshire, magharibi mwa Uskoti. Loji yake, yaani tawi la Freemason la mji huo, ni miongoni mwa zile kongwe kabisa zenye kumbukumbu za maandishi, na ukizisoma habari zake, mengi ya vijiweni yanakosa pa kushika.

Dhana: Chama kilianzishwa na wachawi, au na makuhani wa Hekalu la Sulemani

Mason ni mwashi. Ni fundi anayechonga jiwe na kulipanga ukutani, kama wale wa Lamu na Unguja wanaojenga kwa mawe na chokaa. Loji nayo ilikuwa banda tu pembeni ya jengo linalojengwa, mahali pa kuchongea mawe, kuweka zana na kujikinga na mvua.

Wenyeji wa Kilwinning husimulia kwamba loji yao ilianza na mafundi walioijenga abasia (makao ya watawa) ya mji huo katika karne ya 12. Ni simulizi tamu, na magofu ya abasia yapo hadi leo, ila hakuna hati inayoithibitisha. Maandishi ya uhakika yanakuja baadaye. Tarehe 28 Desemba 1599, William Schaw, msimamizi wa majengo ya Mfalme James VI wa Uskoti, aliwaandikia waashi kanuni zinazoitaja Kilwinning kuwa loji ya pili ya Uskoti. Kitabu cha kumbukumbu cha loji yenyewe kinaanzia Desemba 1642.

Na kanuni hizo za Schaw zilihusu nini? Katika zile za mwaka mmoja nyuma, 1598, mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi, asifungwe kwa fundi kwa muda wa chini ya miaka saba. Fundi asichukue wanagenzi zaidi ya watatu maisha yake yote bila ridhaa ya wenzake. Asifanye kazi pamoja na mtu asiyefunzwa. Na jukwaa la kupandia lisimamishwe imara ili mtu asianguke. Mimi kipengele hicho cha jukwaa ndicho kilichonigusa kuliko vyote. Tunawaona vijana wetu kila siku wakipanda juu ya mirunda iliyofungwa kwa kamba chakavu, na huyu bwana miaka zaidi ya 400 iliyopita alikuwa anawakalia kooni wakubwa wa kazi kuhusu jambo hilohilo.

Dhana: Siri zao ni za damu

Siri wanazo, tusidanganyane. Waashi wa Uskoti walikuwa na neno lao la kutambuana, lililokuwa likijulikana kuwapo tangu karne ya 17. Fundi alikuwa akihama kutoka mji hadi mji na hana cheti mfukoni, hivyo neno na ishara ndivyo vilivyomtofautisha na mbabaishaji. Baadaye wakaingia watu wasioshika patasi. Kilwinning, kufikia miaka ya 1670, malodi (mabwana wenye vyeo) wa eneo hilo walikuwa wameshapewa uongozi wa loji, na taratibu ufundi ukabaki kuwa mfano wa kufundishia tabia njema.

Kuhusu dini, anayejiunga na loji za Uskoti sharti akiri kwamba Mungu yupo, na mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi kikaoni. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake kujiunga tangu 1738, na katazo hilo lipo mpaka sasa. Mtu akiwapinga kwa msingi wa imani yake, ni haki yake kabisa. Ninachoomba ni kwamba tupinge kilichopo, tusipinge tulichobuni.

Dhana: Ni mkono mmoja unaoitawala dunia

Hapa ndipo Kilwinning inapofundisha zaidi. Mwaka 1736 loji 33 zilikutana Edinburgh na kuunda Loji Kuu ya Uskoti. Likaja suala la kupanga namba: nani wa kwanza? Ikaamuliwa kwa hati. Edinburgh ilikuwa na kumbukumbu za 1599, Kilwinning za 1642, basi Edinburgh ikatangulia. Watu wa Kilwinning, waliojiona mama wa loji zote, wakasusa. Kufikia 1744 walikuwa wamejitenga, na kwa zaidi ya miaka 60 wakawa wanatoa vibali vyao wenyewe vya kuanzisha loji, hadi Virginia ng'ambo ya Atlantiki. Waliporudi mwaka 1807, suluhu ikawa kuiandika Kilwinning juu kabisa ya orodha, kabla ya namba moja. Ndiyo maana leo inaitwa Namba 0. Watu waliogombania namba kwa miongo sita si watu wenye amri moja juu ya dunia nzima.

Wala si Illuminati, kundi la siri ambalo watu huwachanganya nalo. Hao walianzishwa na Adam Weishaupt huko Bavaria mwaka 1776 na kupigwa marufuku na serikali muda mfupi baadaye.

Dhana: Ukijiunga unatajirika

Marehemu Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene, Tabora, aliwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakulificha. Lakini mwaka 1967 viwanda vya familia yake vilitaifishwa kama vya wengine, naye akabaki kuliendesha shirika la umma la usagishaji.

Anayetaka kuingia humwomba mwanachama anayemfahamu, hudhaminiwa, hupigiwa kura, kisha hulipa ada kila mwaka. Hakuna loji inayomtafuta mtu kwa karatasi ya nguzoni. Aliyekwisha kutuma hela atoe taarifa polisi na kwa kampuni ya simu mapema. Kwa Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.