Aktualite: filamu bubu za mtaani

Aktualite ni filamu fupi bubu ya mambo halisi. Mpiga picha anasimamisha kamera ya miguu mitatu kando ya barabara, anazungusha mpini, na chochote kinachopita mbele yake kinaingia kwenye utepe. Haina hadithi wala waigizaji.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, ndio walioivumisha aina hii ya filamu. Desemba 28, 1895, katika Grand Café mjini Paris, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu kumi, na hakuna iliyofika dakika nzima. Mojawapo inaonyesha uwanja wa Cordeliers huko Lyon: mabehewa yanayokokotwa na farasi, wapita njia wenye kofia, hayo tu.

Ufupi huo ulitokana na mashine. Ilibeba utepe wa mita 17 hivi. Utepe ukiisha, filamu imeisha, hata kama bibi aliyekuwa anavuka barabara hajafika ng'ambo. Ila mashine hiyohiyo ilipiga picha, ikatoa nakala, na ikazionyesha kwenye pazia, na ilikuwa nyepesi kubebeka safarini. Ndiyo maana wapiga picha wa Lumière walienea upesi sana duniani. Mmoja wao, Alexandre Promio, aliipakia kwenye gondola huko Venice mwaka 1896, na watazamaji wakaona majumba yakipita mbele yao kana kwamba wao ndio wako majini.

Kuna dhana moja potofu: kwamba watu wa zamani walitembea kwa kukurupuka kama kuku waliofukuzwa jikoni. Hapana. Mpini ulizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa sekunde, kasi ikipanda na kushuka kadiri ya mkono wa mtu. Mashine za filamu zenye sauti zilizokuja baadaye hupitisha picha 24. Ukiuweka utepe wa kale humo, hatua ya sekunde moja inakwisha kwa theluthi mbili za sekunde.

Swali gumu zaidi ni hili: je, tunachokiona ni maisha ya kawaida kweli? Chukua filamu ya Market Street, San Francisco, iliyopigwa na kampuni ya Miles Brothers kamera ikiwa mbele ya tramu inayovutwa kwa kebo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya 1905. Mwanahistoria David Kiehn alichunguza namba za magari na madimbwi ya mvua barabarani, akaonyesha kuwa ni ya Aprili 1906, siku chache tu kabla ya tetemeko lililoubomoa mji huo Aprili 18. Lakini yatazame magari yenyewe. Yale yale yanapita, yanazunguka, yanarudi tena mbele ya kamera, ili barabara ionekane ina magari mengi kuliko yaliyokuwepo. Kwa hiyo hata hapa kulikuwa na mkono wa mtu.

Mimi hilo halinisumbui sana, kwa sababu kamera ikishasimama barabarani, barabara inaijua. Huko Blackburn, Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon waliigeuza hali hiyo kuwa biashara: walipiga filamu wafanyakazi wakitoka viwandani, kisha watu walewale wakalipa kwenda kujitazama. Kadiri sura zilivyokuwa nyingi kwenye utepe, ndivyo tiketi zilivyouzika. Kanda zao zaidi ya 800 zilikutwa mwaka 1994 ndani ya mapipa, kwenye chumba cha chini cha duka lao la zamani. Humo wanaume wanapunga kofia, wasichana wa viwandani wanacheka huku wakijifunika shali, na wavulana wanaukimbilia upande kamera inakoelekea ili wapite tena.