Betri ya kamera ya zamani haitafutwi kwa jina la kamera

Wengi wenye kamera za miaka ya 2000 hapa Dar huandika jina la kamera mtandaoni, wakikosa betri wanaamua kamera imeshakufa. Sivyo. Betri ina jina lake. Itoe, igeuze, usome maandishi madogo: LP-E8, NB-4L, EN-EL3e. Hayo ndiyo ya kutafuta. LP-E8 moja inaingia kwenye Canon 550D, 600D, 650D na 700D, kwa hiyo kamera kusitishwa kiwandani hakumaanishi betri imetoweka.

Soma kila herufi. EN-EL3 na EN-EL3e zinafanana kama pacha, ila Nikon D80 na D200 zinataka ile yenye "e".

Tena kuna woga wa volti: ya zamani inasema 7.2, ya dukani 7.4. Hiyo ni sawa, zote ni seli mbili za lithiamu. Lakini 3.7 badala ya 7.4, achana nayo. Namba ya mAh ni ujazo tu, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba, ikizidi kidogo haiunguzi kamera. LP-E8 halisi ina 1120. Ukiona ya umbo hilohilo inajigamba 3000, hapo mimi hata bei siulizi.

Pia usishangae mzigo ukichelewa. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Ukiwa na haraka, anzia Kariakoo, ukiwa na betri yako mkononi.