Vitabu vya transjenda shule za msingi: yanayosemwa kwenye magrupu ya wazazi Tanga na ukweli wake

Jamani wazazi wenzangu wa Tanga, hizi voisi za wasapu zimezidi sasa. Mara vitabu vya Wamarekani vya watoto wanaobadili jinsia vimeshashushwa bandarini, mara vimeshaingia shule za Ngamiani na Chumbageni, mama wa watu anasikiliza saa nne usiku usingizi unapaa, asubuhi anamwaga begi la mtoto mkekani anapekua daftari moja moja. Mimi ni mzazi, hofu hiyo naielewa na siibezi, ila tukiogopa kitu tukijue kwanza.

"Mahakama Kuu ya Marekani imevipiga marufuku." Hii ndo inayorudiwa kuliko zote na siyo kweli. Kesi yenyewe inaitwa Mahmoud dhidi ya Taylor, ilitoka kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, ambako mwaka 2022 shule za msingi ziliingiza kwenye somo la kusoma hadithi zenye wahusika mashoga na transjenda, yaani watu wanaojiona ni wa jinsia tofauti na ile waliyotambuliwa nayo walipozaliwa. Mwanzoni mzazi asiyetaka aliruhusiwa kumtoa mwanae darasani wakati zinasomwa, halafu 2023 bodi ya shule ikafuta ruhusa hiyo, na hapo ndo moto ulipowaka. Tarehe 27 Juni 2025 majaji 6 kwa 3 wakawapa wazazi ushindi wa awali, kwamba wakati kesi inaendelea lazima waambiwe mapema na wakitaka watoto wao watolewe. Basi, ni hilo tu. Mahakama haikufuta vitabu, mtoto ambaye mzazi wake hana shida navyo anaendelea kusoma. Na Jaji Alito aliyeandika hukumu hakusema popote kwamba kitabu kinambadilisha mtoto jinsia, hoja yake ilikuwa haki ya mzazi kumlea mwanae kwenye dini yake. Jaji Sotomayor akapinga, akaona shule ya umma ni mahali watoto wanakutana na watu wa kila aina na haiwezekani kila mzazi achague darasa linavyofundishwa. Mimi naona wazazi walikuwa na haki ya kuambiwa, nalisema wazi.

"Ni Waislamu tu walioshtaki," au ukienda grupu lingine, "ni walokole tu." Wote hapana. Kati ya walioshtaki kulikuwa na Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wa Ukraine, na jina la kesi linatokana na baba Muislamu. Sisi wa Tanga tunaozikana na kualikana sikukuu bila kuulizana dini hilo lisitushangaze.

"Darasa la kwanza wanaonyeshwa picha za uchi." Hapa pamechanganywa vibaya sana. Kurasa nilizotumiwa mimi zimetoka kwenye Gender Queer, kitabu cha mwaka 2019, mwandishi anasimulia maisha yake mwenyewe kwa michoro, na kweli ina sehemu za ngono, ila kiliandikwa kwa vijana wakubwa na watu wazima, hakikuwa kwenye orodha ya hadithi za Montgomery. Zile za shule ya msingi ni vitabu vya picha, mfano mtoto anayewaambia wazazi wake yeye ni mvulana ingawa wote wanamuita msichana. Unaweza ukakataa mwanao asisomewe hiyo, ni haki yako, ila usiseme ni picha za ngono.

"Hapa kwetu mtu yeyote anaingiza kitabu anachotaka." Vitabu vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na vya ziada vinatakiwa viwe na ithibati, fungua kurasa za mwanzo utaikuta. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 kwenye shule za serikali na za binafsi kwa kwenda kinyume na maadili. Wengi hawajui kwamba humo humo kulikuwa na Diary of a Wimpy Kid, mfululizo wa vichekesho vya mvulana wa shule na visa vyake na kaka yake, hauna habari za transjenda. Kwahiyo kusikia kitabu kimefungiwa haitoshi kujua ndani kina nini. Una wasiwasi? Nenda kwa mwalimu mkuu au kamati ya shule, omba ukione kwa macho yako.

La mwisho linaniuma zaidi. Watu wanasikia hizi habari halafu wanamgeukia mtoto wa jirani aliyezaliwa na jinsi tata, eti ndo hao wa kwenye vitabu. Huyo kazaliwa na maumbile ambayo hayako wazi kama ni ya kike au ya kiume, hajasomewa kitabu chochote, na hata mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameandika hukumu za khuntha, yaani mtu wa jinsi tata, karne na karne. Mama yake asimfiche ndani kwa aibu ya mtaa, ampeleke hospitali ya Bombo, akipewa rufaa ya Muhimbili aende, na sisi majirani tuwakataze watoto wetu kumzomea akipita.