Tarakimu za Kisaurashtra ndani ya kompyuta

Huko Madurai, kusini mwa India, wanaishi wazao wa wafumaji wa hariri ambao lugha yao, Kisaurashtra, ina undugu na Kigujarati ingawa imezungukwa na Kitamil. Mwandiko wao uliingia katika Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi msimbo wake, toleo la 5.1, Aprili 2008, na mimi hupenda kuueleza kwa kuanzia na tarakimu zake kumi, ambazo wengi huzipita haraka.

Tarakimu hizo zimepangwa mfululizo, sifuri ikiwa U+A8D0 na tisa U+A8D9 (misimbo hiyo huandikwa kwa namba za kizio cha kumi na sita), hivyo programu ikitaka kujua thamani ya tarakimu yoyote hutoa A8D0 katika msimbo wake, na kinachobaki ndicho jibu. Chukua mwaka 2008, unaoandikwa ꣒꣐꣐꣘. Lugha ya programu ya Python ikiambiwa iugeuze mfuatano huo kuwa namba kamili hurudisha 2008 bila kusaidiwa, kwa kuwa Unicode imeitambulisha kila alama kuwa tarakimu ya desimali; lakini katika JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, alama ya \d, inayotumika kutafuta tarakimu, hutambua 0 hadi 9 za kawaida tu, kwa hiyo fomu inayokagua mwaka kwa njia hiyo itamkatalia mtu aliyeandika sawasawa kabisa. Tena, katika UTF-8, njia ya kuhifadhi misimbo ya Unicode kama baiti, kila tarakimu ya Kisaurashtra huchukua baiti tatu, sifuri ikiwa EA A3 90, na mwaka huo mmoja hufikia baiti 12 badala ya nne.

Linalonisumbua zaidi ni hati zilizochapwa kwa fonti za kienyeji, ambazo huchora umbo la Kisaurashtra juu ya misimbo ya Kilatini. Ukibadilisha fonti, maneno hugeuka vurugu na kosa huonekana papo hapo, ilhali tarakimu husomeka vizuri tu kama 2008, na hakuna anayegundua kwamba mwandishi alizichora kwa mwandiko wa kwao. Thamani imebaki, ushahidi umepotea. Ndiyo maana sigeuzi hati ya namna hiyo kabla ya kuona picha ya ukurasa wake wa awali: palipo na umbo la Kisaurashtra naweka misimbo ya A8D0 na kuendelea, na pale mwandishi mwenyewe alipotumia tarakimu za kawaida, naziacha kama zilivyo.